Mshale Uliohama

Shule ilipofunga jioni, Fei Ruolan hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwenye ukumbi wa hisa, pale konani pa mtaa wetu wa Hongkou, Shanghai, kumchukua babu yake. Saa hiyo soko la hisa lilikuwa limeshafungwa, lakini wazee walikuwa bado wameng'ang'ania viti vyao vya plastiki, chupa za chai miguuni, wakibishana. Wanaume walibishana kwa kelele na wanawake walibishana huku wakifuma. Juu ya vichwa vyao ulining'inia ubao mkubwa wa taa, namba nyekundu kwa hisa zilizopanda na namba za kijani kwa hisa zilizoshuka. Ndiyo maana humkuti mzee wa kwetu akiingia mle na sweta la kijani. Bibi mmoja alijaribu, akafukuzwa hadi barabarani.

Babu yake Ruolan, Mzee Fei Baogen, alikuwa fundi wa mashine za kusokota uzi mpaka kiwanda kilipofungwa. Tangu hapo hakuwa na kazi, wala hakuna aliyemwuliza maoni yake juu ya jambo lolote. Aliishi na mjukuu wake wawili tu, kwani wazazi wa mtoto walifanya kazi mbali, Shenzhen, na walirudi Sikukuu ya Machipuko, mwaka mpya wetu, peke yake. Mle ukumbini alikaa kando ya jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bibi Caidi.

Huyu Bibi Caidi nitawaeleza vizuri, maana hadithi hii ni yake, na mimi jirani yake bado inaniuma. Alikuwa mshonaji. Nusu ya suruali za mtaa huu zilipita mikononi mwake. Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, cherehani ikabaki imefunikwa kitambaa. Ubao ule wa taa aliuona kama ukungu wenye rangi, basi. Kwa hiyo kila jioni Ruolan alipoingia, alimshika mkono.

"Mjukuu wangu, hebu nisomee. Kile kiwanda cha mashine za kufulia kimefika wapi leo?"

"Kimepanda, Bibi. Nyekundu."

"Loo! Na mimi nimekaa hapa nasikiliza wenzangu wanavyokula nyama."

Ndivyo walivyosema mle ndani. Ukipata faida umekula nyama, ukipata hasara umekula tambi. Vuli ile ya mwaka 2007 kila mtu alikuwa akila nyama. Muuza mboga alikula, kinyozi alikula, hata mlinzi wa lango alikula. Bibi Caidi peke yake hakuwa na hisa hata moja. Akiba alikuwa nayo benki, lakini ilikuwa ya kupasuliwa jicho, na ilitosha jicho moja tu. Daktari alimwambia mtoto wa jicho ameshaiva kwenye macho yote mawili, asichelewe. Yeye akawa anasitasita. "Kwa jicho moja nitatembea," alikuwa akisema, "lakini uzi kwenye tundu la sindano unataka macho mawili."

Ruolan alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hesabu kwake ilikuwa mchezo. Shuleni alikuwa katika klabu ya kompyuta ya Mwalimu Gu. Muhula ule mwalimu aliwafundisha kuandika fomula za kupima mwelekeo wa bei za hisa. Unaipa programu bei za siku zilizopita, unaiambia itafute wastani wake, nayo inachora mstari juu ya chati. Mstari ukiinuka, bei zina mwelekeo wa kupanda. Ukiinama, zina mwelekeo wa kushuka.

"Lakini mstari unachelewa, Mwalimu," Ruolan alilalamika. "Bei inaanguka leo, mstari unaanguka wiki ijayo!"

"Lazima uchelewe," Mwalimu Gu alimjibu. "Unapima yaliyopita. Fomula ya haki haijui kesho, kama mimi na wewe tusivyoijua."

Jibu hilo halikumridhisha Ruolan, wala halikumridhisha babu yake, ambaye alikuwa na programu kama hiyo kwenye kompyuta yake kuukuu nyumbani. "Huo wastani wenu ni zimamoto wa mtaa huu," alinung'unika. "Wanafika nyumba imeshakuwa majivu."

Basi Ruolan akaanza kuchakura kwenye mtandao, kule wanunuzi wa hisa wanakopeana fomula. Akakutana na neno moja fupi, ZIG. Mtu mmoja alilisifu kwamba linajua mabonde na vilele vyote vya bei. Ruolan aliliandika katika fomula yake, akaiamuru programu ichore mshale mwekundu penye kila bonde, yaani hapa nunua, na mshale wa kijani penye kila kilele, yaani hapa uza. Akabonyeza. Chati ya miaka mingi ikajaa mishale, na hakuna hata mmoja uliokosea. Kila mahali bei ilipogusa chini palikuwa na mshale mwekundu. Kila mahali ilipofika juu palikuwa na wa kijani.

Babu Baogen alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii umeandika wewe?"

"Mimi mwenyewe, Babu."

"Kila bonde?"

"Kila bonde! Angalia hata mwaka ule bei zilipoporomoka. Umeona? Ilijua."

Jumamosi soko halifunguliwi, lakini wazee wetu hawajui kukaa nyumbani. Hukusanyika kando ya barabara mbele ya ukumbi uliofungwa, wakiuziana uvumi mpaka jua lizame. Jumamosi hiyo Mzee Baogen alikuja na chati iliyochapwa kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani. Watu wakaizunguka, shingo zimerefuka.

"Baogen, kweli huyu ni mjukuu wako? Si ndiye juzi juzi tu alikuwa anakojoa kitandani?"

"Ndiye. Na wako je, anajua nini zaidi ya kutafuna karanga?"

Vicheko vikavuma. Tangu siku hiyo Ruolan akaitwa Profesa Fei, na babu yake akapewa kiti cha mbele ukumbini. Mzee ambaye hakuna aliyekuwa akimwuliza kitu, sasa aliulizwa asubuhi na jioni. Akaanza kutembea kifua mbele. Hakuna mtu aliyeuliza mishale ile ilichorwa lini. Tuliona ya zamani imepatia yote, tukasema basi na ijayo itapatia. Watu wazima wenye mvi! Ukinikumbusha natamani kujipiga kofi.

Shuleni ni Ding Shuo peke yake, mvulana wa klabu ileile, ambaye hakushangilia.

"Profesa," alimwita mbele ya wenzao, "kama fomula yako inajua yote, mbona vidole vya babu yako vinachungulia kwenye viatu?"

"Subiri. Mwaka mpya atavaa vya ngozi."

"Ngozi ya nani, yako?"

Darasa likaangua kicheko. Ruolan alimsonya akaondoka zake, lakini moyoni aliapa kwamba atamfunga mdomo.

Siku chache baadaye, mshale mwekundu ulitokea chini ya chati ya kile kiwanda cha mashine za kufulia. Bibi Caidi alikuja kabla ya chakula cha jioni, akipapasa ukuta wa ushoroba, akaketi karibu na kompyuta ambayo hakuweza kuiona.

"Mshale mwekundu upo?"

"Upo, Bibi. Umetokea leo."

"Una hakika? Mimi natazama kwa macho yako."

"Nina hakika."

Kesho yake Bibi Caidi alitoa akiba yote benki akanunua hisa za kiwanda kile. Alisema akishakula nyama kidogo tu atauza, kisha atapasuliwa macho yote mawili kwa mpigo. Jirani mmoja alimnong'oneza kwamba mtaka yote hukosa yote. Bibi Caidi akacheka, akamwambia amwachie mzee naye aonje.

Jioni iliyofuata Ruolan alifungua chati, akaganda. Bei ilikuwa imeshuka, na ule mshale wa juzi haukuwepo. Alitafuta. Mahali pale palikuwa patupu, bila hata alama. Mshale ulikuwa umehamia kwenye siku ya leo, chini zaidi, umetulia kana kwamba umekuwa hapo tangu zamani. Alidhani amebonyeza vibaya. Alifunga programu, akaifungua tena, akaona vilevile. Kesho yake bei ilishuka tena, na mshale ukahama tena.

Ruolan alimfuata Mwalimu Gu baada ya kipindi, akamwonyesha. Mwalimu aliisoma fomula, akaweka kikombe chake chini.

"Ala! Neno hili umelitoa wapi?"

"Mtandaoni, Mwalimu."

"Neno hili linachungulia kesho," alisema Mwalimu Gu. "Fikiri. Utajuaje kwamba hapa bei imefika chini kabisa? Huwezi kujua mpaka ipande baadaye. Basi kwa siku za nyuma hii inatazama bei ilipopanda, halafu inarudi kuchora mshale, ionekane ilijua tangu mwanzo, lakini kwa leo inabahatisha tu. Bei isipopanda, inaufuta mshale na kuuchora mahali pengine. Kosa lake halibaki."

"Kwa hiyo ile mishale yote ya zamani..."

"Imechorwa mambo yameshakwisha. Anayetabiri mechi ya jana hakosi kamwe." Alimtazama kwa makini. "Kuna mtu anayenunua hisa kwa fomula hii?"

Ruolan alitazama vidole vyake. "Hakuna, Mwalimu. Naichezea tu."

"Akiwepo, mwambie leo. Usilale nalo."

Njia nzima Ruolan alipanga maneno. Alitaka kuyasema, hilo nalijua, kwa sababu alinisimulia mwenyewe baadaye na mtoto yule alikuwa hawezi tena kudanganya hata kwa kutaka. Lakini alipofungua mlango alikuta chumba kimejaa wazee na harufu ya njugu za kuchoma. Babu yake alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, anacheka hadi machozi. Tangu kiwanda kifungwe, Ruolan hakuwahi kumwona akicheka vile.

"Profesa huyoo! Mpisheni apite!"

"Babu," alianza, "ile fomula..."

"Imefanyaje, umeiongezea nguvu?"

Wakacheka wote. Mzee mmoja akamtia njugu kiganjani, nyingine mfukoni. Kutoka pembeni ikasikika sauti ya Bibi Caidi.

"Nasikia leo bei imeteleza kidogo. Mjukuu wangu, mshale wangu bado upo?"

Ruolan aliitazama chati. Mshale mwekundu ulikuwepo. Haukuwa pale ulipokuwa Bibi alipotoa akiba yake, ila ulikuwepo.

"Upo, Bibi," alisema.

Usiku alijiambia kwamba hakusema uongo. Si aliulizwa kama mshale upo? Na si kweli upo? Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sawa. Na asiye na macho je, ataambiwa na nani, kama mwenye macho aliye karibu naye ameamua kufumba mdomo? Hilo ndilo linalonichemsha damu mpaka leo.

Vuli ikaisha, baridi ikaingia, na bei zikaanza kuporomoka kweli. Ubao wa ukumbini ukawa kijani tupu kutoka kona hadi kona. Kelele zilipungua. Wazee wengine waliuza mapema, wakala tambi zao wakaondoka kimya. Bibi Caidi hakuuza. Kila jioni aliuliza swali lake na kila jioni alijibiwa kwamba mshale upo, maana kila bei ilipogusa chini zaidi, mshale ulishuka nayo.

"Muuzieni mtu mwingine wasiwasi wenu," aliwaambia waliomshauri. "Mzee anaweza kunidanganya, gazeti linaweza kunidanganya. Mtoto yule hawezi."

Ruolan alisikia maneno hayo akiwa ushorobani na ndoo ya maji. Aliacha kula vizuri. Mwalimu Gu alimwuliza ana nini, akasema ni mafua. Kila alipotaka kusema alikumbuka kwamba sasa ataulizwa kwa nini hakusema jana, na kesho yake swali hilo lilikuwa limeongezeka uzito.

Bibi Caidi naye alianza kulalamika kichwa, upande wa kushoto. Alifunga kitambaa kipajini akasema ni baridi. Watu walimwambia aende hospitali. "Nitaenda na nini?" aliuliza. "Hela zangu ziko kiwandani, zinafua nguo."

Ijumaa moja Ruolan aliporudi kutoka shuleni alikuta mlango wa Bibi Caidi uko wazi. Ndani kulikuwa na mwanamume mgeni. Alikuwa ameondoa kitambaa juu ya cherehani na anazungusha gurudumu lake huku ameinamisha sikio.

"Ingia, Ruolan," alisema Bibi Caidi. Uso wake ulikuwa mweupe na jicho la kushoto alikuwa amelifumba. "Huyu bwana atakuja kuichukua Jumatatu. Si umesema mshale upo, na bei sasa iko chini kuliko wakati wote? Basi ndio wakati wa kuongeza hisa. Nikishapona macho nitanunua cherehani mpya."

Mgeni alizungusha gurudumu tena, sindano ikapanda na kushuka bila uzi. Ruolan alikimbilia kwao akajifungia, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Sasa haikuwa tena akiba tu. Bibi alikuwa anauza mikono yake.

Jumamosi wazee walikusanyika kando ya barabara kama kawaida, nyuso zimewavimba kwa hasira. Wengine walikuwa wanamzomea Mzee Baogen, naye alikuwa akiitetea chati yake ukutani. "Subirini! Tazameni ya zamani, imewahi kukosea?"

"Babu, iondoe," alisema Ruolan.

Wote waligeuka.

"Iondoe, Babu. Hiyo mishale inahama. Bei ikishuka, fomula inafuta mshale na kuuchora kwingine. Ile ya zamani haikutabiri chochote, ilichorwa baadaye. Nilijua. Mwalimu aliniambia."

Kisha ikawa fujo. Mmoja alitema mate chini. Mwingine alimfokea Mzee Baogen kwamba amewalisha watu wazima tambi kwa mkono wa mtoto. Mzee Baogen aliibandua ile karatasi taratibu, pembe moja baada ya nyingine, akaikunja.

"Umejua tangu lini?" alimwuliza mjukuu wake.

"Tangu vuli."

"Na Caidi?"

"Hajui. Sikumwambia. Anataka kuuza cherehani, Babu."

Uso wa mzee ulisinyaa. Hakumpiga, hakumgombeza. Alimshika mkono wakaondoka, na sisi wengine tukawafuata nyuma.

Walimkuta Bibi Caidi sakafuni kando ya kitanda. Alikuwa ametapika, na amekandamiza jicho la kushoto kwa viganja vyote viwili. Maumivu yalikuwa yamemwanza tangu jana usiku. Hakutaka kumsumbua mtu, maana hospitali ingetaka malipo ambayo hakuwa nayo. Mzee Baogen alimbeba mgongoni hadi barabarani, tukasimamisha teksi. Humo ndani, huku Bibi akiguna kwa kila shimo la barabara, Ruolan alimwambia yote. Sijui kama alimsikia. Ila mkono wake aliuondoa kwenye mkono wa mtoto.

Hospitali daktari aliwaita Mzee Baogen na Ruolan ushorobani.

"Mtoto wa jicho ameiva kupita kiasi, akavimba, akaziba njia ya maji ya jicho," alieleza. "Presha imepanda ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea. La kushoto limekwisha. La kulia tulipasue haraka kabla halijafuata. Mngemleta mwezi uliopita ningeyaokoa yote mawili."

Jumatatu soko lilipofunguliwa Mzee Baogen aliuza hisa zake zote, kwenye kijani kile kile, bila kubishana na mtu. Akauza na za Bibi Caidi, kwa idhini yake. Walipounganisha kilichobaki cha wote wawili, kilitosha jicho moja. Jicho moja! Lile ambalo Bibi angeweza kulipia mwenyewe wakati wa vuli.

Baada ya upasuaji Mzee Baogen alimvuta Ruolan kando.

"Habari za lile la kushoto usimwambie. Mgonjwa habebeshwi mzigo kitandani. Sote tumekubaliana, hata mpwa wake aliyekuja kumwangalia. Akiuliza, sema linapona polepole."

Ndiyo desturi yetu, na hufanywa kwa upendo. Mimi mwenyewe niliingia nikamwambia hivyohivyo, nikatoka.

Ruolan aliingia akasimama karibu na mlango. Jicho la kulia la Bibi Caidi lilikuwa limefungwa bandeji, na la kushoto lilikuwa wazi likitazama dari bila kuiona.

"Nani huyo?"

"Mimi, Bibi. Ruolan."

Tangu siku ile ya teksi Bibi alikuwa hajamsemesha. Mtoto alitaka kutoka, lakini sauti ikamrudisha.

"Mpwa wangu anasema la kushoto linapona. Nesi anasema linapona. Babu yako anasema linapona, huku namsikia anavyomeza mate. Wewe unasemaje?"

Ruolan aligeuka. Babu yake alikuwa mlangoni, akimtikisia kichwa kwa nguvu. Usiseme, usiseme.

"Halitaona tena, Bibi," alisema. "Daktari amesema limekufa. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Mzee Baogen alifunika uso. Machozi yalimtoka Bibi Caidi kwenye jicho la kushoto, lile lililokufa, yakateremka hadi sikioni. Ruolan aliyafuta kwa mkono wa sweta lake, na Bibi hakumzuia.

"Nisamehe, Bibi," alisema huku analia.

"Keti." Bibi Caidi alivuta pumzi. "Siku ile ya kwanza uliponiambia mshale upo, ulikuwa hujui. Kwa siku hiyo sikulaumu. Tamaa ya macho mawili ilikuwa yangu, sikutiwa na mtu. Kukosea ni kazi ya kila binadamu. Mimi nimeharibu vitambaa vingapi vya watu! Lakini ukikata vibaya, unamwambia mwenye kitambaa siku hiyohiyo, hata kama atakutukana. Wewe ulijua umekata vibaya, ukaendelea kukata kila jioni, nami nimekushikilia kitambaa."

"Niliogopa, Bibi. Babu alikuwa na furaha."

"Najua. Na babu yako alikuwa na furaha kwa jicho langu." Kisha akasema taratibu, "Hakuna fomula iliyoniibia, mwanangu. Fomula haina mdomo. Mwenye mdomo ulikuwa wewe. Kumbuka hilo utakapokuwa mkubwa na watu wakakuamini kwa mambo wasiyoyaona. Kosa ukilisema mapema ni kosa. Ukilificha huwa ni wizi."

Mlangoni Mzee Baogen alikuwa amejiinamia. "Caidi," alisema, "hata mimi..."

"Wewe nenda zako ukanywe chai, Baogen. Na wewe umenidanganya leo asubuhi."

Mzee akatoka.

"Umenisamehe, Bibi?" Ruolan aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bado," alijibu Bibi Caidi. "Siwezi kukuambia nimekusamehe wakati sijakusamehe. Tumeshadanganyana vya kutosha. Lakini kesho wanafungua bandeji, na nataka wewe ndiye uwe mbele yangu. Katika wote walioingia chumbani humu, ni wewe tu uliyenieleza kweli."

Kesho yake asubuhi nesi alifungua bandeji, safu baada ya safu. Bibi Caidi alipepesa, akalalamikia mwanga, akapepesa tena. Ruolan alikuwa amesimama mbele ya kitanda, mikono nyuma, hathubutu kuinua uso. Bibi alimtazama kwa jicho lake moja, muda mrefu, kutoka nywele hadi viatu.

"Umekonda," alisema.